Vyombo ni vya Nani?

Baba yangu alipiga gitaa la rithim kwa miaka kumi na tisa katika bendi ya shirika moja la umma pale Dar es Salaam. Siku alipostaafu alilirudisha gitaa stoo, akatia saini kwenye daftari, akarudi nyumbani kwa miguu, mikono mitupu. Nilikuwa darasa la sita. Kesho yake asubuhi nilimkuta barazani, vidole vya mkono wa kushoto vikitembea juu ya mpini wa ufagio.

Miaka mingi baadaye nilimpigia simu kutoka Arlington, Virginia, kumweleza kwamba nimeiona bendi ya Wamarekani wanne iliyonigusa moyo. Hakuniuliza wanapiga mtindo gani wala wamevaa nini.

"Vyombo ni vya nani?"

"Vya kwao wenyewe, baba."

"Na gari?"

"La kwao."

"Na mlangoni anakaa nani?"

Nilisita. Kadi ya simu ilikuwa inakaribia kwisha. "Mlango haukuwapo. Ilikuwa uwanjani, bure."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Niletee kanda yao, mwanangu."

Bendi hiyo inaitwa Fugazi, na ninayoandika hapa ni majibu ya maswali ya mzee ambayo kadi ile ya simu haikutosha kuyajibu.

Niliwaona katikati ya miaka ya 1990, jioni ya kiangazi. Nilikuwa naosha sahani katika mgahawa mmoja, na kijana tuliyekuwa naye jikoni, mpiga besi wa bendi ndogo isiyojulikana hata mtaani kwake, alinivuta tukapanda treni hadi Fort Reno. Ni kilima kirefu kuliko vyote katika jiji la Washington. Zamani palikuwa na ngome ya vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe. Leo ni majani na majengo ya matangi ya maji. Ng'ambo ya barabara kuna shule ya sekondari iliyoitwa Woodrow Wilson, aliyosoma Ian MacKaye, mmoja wa waimbaji wa Fugazi. Kila kiangazi vijana hupiga muziki pale bila kiingilio, na pombe hairuhusiwi. Watoto wa miaka kumi walikuwa wamekaa mabegani kwa baba zao. Wazee walikuja na viti vya kukunja.

Nilikuwa nimelelewa na dansi. Masikio yangu yalisubiri tarumbeta, tumba, sauti tatu zikipokezana kiitikio. Pale hapakuwa na hata kimoja. Magitaa mawili yaligombana badala ya kufuatana: MacKaye akikata kwa nguvu upande mmoja, Guy Picciotto akikwaruza nyuzi za juu upande wa pili. Katikati alisimama Joe Lally na besi yake, mtulivu, akirudia mstari mmoja mpaka unaingia kifuani. Nyuma, Brendan Canty alikuwa na dramu na kengele kubwa ya chuma aliyoigonga pale tu ilipostahili. Kilichonishtua kuliko vyote ni kwamba hawakuwa na orodha ya nyimbo. Mmoja akianza vipigo viwili vitatu, wenzake wanatambua tunakwenda wapi. Ndipo nikasikia kitu nilichokijua tangu utotoni: ile saa ambapo wimbo wa dansi unaacha mashairi na kuingia chemko, na wapigaji wanaongozana kwa jicho. Ala zilikuwa tofauti kabisa, lakini kazi ya kusikilizana ilikuwa ileile.

Habari yao inaanza kabla ya jina lao. Mwaka 1980 MacKaye na rafiki yake Jeff Nelson walikuwa vijana wa sekondari wenye bendi ya panki iliyoitwa The Teen Idles. Kiangazi kile walisafiri hadi California kupiga, na huko San Francisco wenye ukumbi, wakiogopa sheria ya pombe, waliwachora alama ya X mikononi ili mhudumu wa baa ajue hawa hawauziwi. Waliporudi Washington waliwapelekea wenye kumbi wazo hilo: tuchoreni X, lakini mturuhusu kuingia. Alama iliyokusudiwa kuwatenga wakaigeuza tiketi ya kuingilia. Ilikuja kuenea dunia nzima kama alama ya vijana wasiokunywa, ila mwanzoni haja yao ilikuwa ndogo na ya haki: mtoto wa miaka kumi na sita naye ana masikio.

Bendi ile ilivunjika mwaka uleule. Fedha zote za maonyesho walikuwa wamezitunza pamoja kwenye sanduku, hawakugawana hata senti. Sasa wafanye nini, wagawane au watengeneze santuri ya bendi ambayo haipo tena? Wakachagua santuri. Ikawa ndogo, ya nyimbo nane, na ili itoke iliwabidi waunde lebo yao. Wakaiita Dischord. Kwa jalada walichukua santuri ya Uingereza, wakalifumua jalada lake kuona lilivyokunjwa, kisha wakakaa na marafiki wakikata, wakikunja na kugandisha kwa gundi, moja baada ya jingine. Mwaka 1981 walipanga nyumba Arlington, upande wa pili wa mto Potomac, ikawa makazi, mahali pa mazoezi na ofisi ya lebo. Nami niliishi Arlington miaka sita, na kila nilipopita mitaa ile ya nyumba za mbao zenye vibaraza nilijiuliza jinsi jambo la ukubwa ule lilivyotoka katika chumba cha chini cha nyumba ya kawaida.

Haki isemwe: vyumba vya chini walikuwa navyo. Wengi walikuwa watoto wa familia zenye nyumba na vitabu, na gitaa la mitumba kwao ni mshahara wa miezi michache ya kuuza aiskrimu, kazi ambayo MacKaye mwenyewe aliifanya. Kwetu, gitaa na amplifaya vilivuka bahari na forodha, na bei yake ilimshinda mpigaji wa kawaida. Ndiyo sababu bendi zetu kubwa zilikuwa mikononi mwa vyama na mashirika: NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park chini ya shirika la maendeleo la jiji, Vijana Jazz chini ya umoja wa vijana. Wapigaji walipata mshahara, na mshahara si jambo la kubezwa, maana tulisoma kwa mshahara huo. Simlaumu baba kwa kutokuwa na gitaa lake. Ninachosema ni kwamba vijana wale wa Washington walipata nafasi, na wengi wenye nafasi kama yao huiuza mapema.

Wala hawakujifunza peke yao. Walimu wao walikuwa Bad Brains, vijana wanne weusi wa eneo la Washington waliotoka kwenye jazi, wakaipiga panki kwa kasi na ustadi ambao hakuna aliyeufikia. MacKaye hajaacha kuwataja. Na jiji lenyewe lilikuwa na muziki wake wa dansi, go-go, muziki wa Weusi wenye tumba zisizonyamaza kati ya wimbo na wimbo. Bendi iliyofuata ya MacKaye, Minor Threat, ilipiga onyesho lake la mwisho Septemba 1983 jukwaa moja na Trouble Funk, vigogo wa go-go. Nimeshaulizwa na Watanzania wenzangu mbona nahangaika na muziki wa Wazungu. Huwa nawajibu kwamba Washington ya miaka ile ilikuwa jiji la Weusi walio wengi, na muziki wa pale, hata ule wa kelele, uliota kwenye udongo huo.

Minor Threat ilipokufa, panki ya Washington ilikuwa imegeuka kuwa ngumi. Maonyesho yalijaa vijana waliokuja kupigana. Kiangazi cha 1985 kundi dogo la marafiki liliamua kuanza upya kwa bendi mpya na moyo mpya. Picciotto na Canty walikuwa katika Rites of Spring, MacKaye katika Embrace. Juni mwaka huo walikusanyika nje ya ubalozi wa Afrika Kusini, wakapiga madebe, ndoo na ngoma kuupinga ubaguzi wa rangi. Niliposimuliwa hilo nilitulia kwanza. Mimi nimekulia Dar es Salaam, jiji lililokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. Wapigania uhuru wa kusini tuliwajua kwa sura zao mitaani. Sikujua kwamba mbali kule kulikuwa na watoto wakipiga ndoo kwa ajili ya jambo lilelile.

Fugazi walipanda jukwaani mara ya kwanza tarehe 3 Septemba 1987, katika ukumbi wa Wilson Center. Picciotto alikuwa bado hajawa mwanachama kamili, na hata alipojiunga aliimba tu, gitaa akalichukua baadaye. Katika miaka hiyo ya mikono mitupu alijirusha kila mahali. Kuna picha za filamu zinazomwonyesha akining'inia kichwa chini, miguu ikiwa ndani ya pete ya mpira wa kikapu, huku akiendelea kuimba. Jina la bendi lilitoka katika lugha ya mitaani ya askari wa Marekani huko Vietnam, neno la hali iliyoharibika kabisa.

Kuanzia hapo swali la baba linajibiwa kwa vitendo. Kiingilio kilikuwa dola 5, na walikishikilia karibu kila mahali kwa miaka mingi. Hakuna umri uliozuiwa mlangoni. Fulana hawakuuza hata moja. Zilipoanza kutengenezwa na watu wengine, hazikuwa zao. Hawakuwa na meneja wala wakala. MacKaye alikaa na simu akapanga ziara yeye mwenyewe, mji kwa mji, akiwaeleza wenye kumbi masharti. Wakisafiri walibanana ndani ya gari moja na vyombo vyao, wakalala kwenye nyumba za marafiki. Baba angewaelewa haraka hapa, kwani alikuwa akisema bendi haifilisiki jukwaani, inafilisika njiani, kwa watu wanaokula bila kupiga. Ukumbi wa watu elfu moja kwa dola 5 ni dola elfu tano. Ukimlipa mwenye ukumbi, fundi mitambo na mafuta, zinazobaki zinawatosha watu wanne. Zikipita mikononi mwa meneja, wakala, promota na mwanasheria, hazitoshi hata ukipandisha kiingilio mara tano.

Na Dischord ilifanya nao kazi bila mkataba wa maandishi. Gharama zikirudi, faida inagawanywa kati ya lebo na bendi. Kanda za kurekodia, zile zenyewe za studio, zikabaki kwao. Nyuma ya albamu walichapa bei ya kuagiza kwa posta, ili muuza duka asimlangue mnunuzi. Mimi nilinunua kaseti ya albamu yao ya 1990, Repeater, nikapeleka hundi ya posta, ikaja kwenye bahasha iliyoandikwa anwani kwa mkono. Ndiyo niliyompelekea baba.

Kuhusu ngumi, walikuwa na utaratibu ambao sijauona kwa bendi nyingine yoyote. Kijana akiwaumiza wenzake mbele ya jukwaa, muziki unasimama. MacKaye anamwita kwa adabu, anamwambia aache. Akikataa, anatolewa nje na kukabidhiwa bahasha yenye dola zake 5. Bahasha hizo walizibeba garini. Fikiria uzito wa jambo hilo. Mwenye mlango ndiye mwenye uwezo wa kurudisha kiingilio. Mpigaji wa kuajiriwa angemrudishia mtu fedha za nani?

Desemba 1990 walipiga ndani ya gereza la Lorton, Virginia, walikofungwa wafungwa wa jiji la Washington. Wiki chache baadaye, tarehe 12 Januari 1991, walipiga katika bustani iliyo mbele ya Ikulu ya Marekani kupinga vita vya Ghuba, katika baridi kali. Siku nne tu kabla mabomu hayajaanza kuanguka Baghdad. Maonyesho mengi ya nyumbani Washington yalikuwa ya harambee, fedha zikienda kwenye kliniki, nyumba za wasio na makazi, na watetezi wa wapangaji.

Mwaka 1991 bendi ya Nirvana iliuza isivyotarajiwa, na kampuni kubwa zikamiminika kutafuta bendi huru za kununua. Wengi walisaini. Mwaka 1993, baada ya onyesho la Fugazi New York, Ahmet Ertegun mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa Atlantic, mtu aliyemrekodi Ray Charles, aliwafuata nyuma ya jukwaa kuwaomba wajiunge naye. Walimheshimu, wakamkatalia. Jarida la Rolling Stone nalo liliwataka. Wakasema wako tayari iwapo toleo litakalowaandika halitakuwa na matangazo ya sigara wala pombe. Toleo la namna hiyo halikutoka.

Lakini sikuwapenda kwa kukataa kwao peke yake. Mtu anaweza kukataa fedha na bado akapiga muziki mbaya. Kilichonishawishi ni habari ya albamu ya 1993, In on the Kill Taker. Walikwenda Chicago kwa Steve Albini, fundi wa kurekodi aliyekuwa na jina kubwa, kwa nia ya kujaribu nyimbo chache. Ilinoga, wakamaliza albamu nzima. Wakarudi nyumbani, wakasikiliza, ikawa haina uhai, na Albini mwenyewe aliliona hilo. Wakaiweka kando yote, wakarekodi upya kwa Don Zientara, fundi wao wa siku zote, katika studio ya Inner Ear pale Arlington, studio iliyoanzia ndani ya nyumba yake. Nikiwa fundi wa amplifaya najua maana ya kutupa kazi iliyokwisha. Mwenye kanda ndiye mwenye haki ya kuitupa. Bendi yenye deni kwa kampuni ingeambiwa iuze ilichonacho.

Nina maoni yangu juu ya kazi zao. Steady Diet of Nothing ya 1991 ni kavu, inasikika kama watu waliochoka na safari. Red Medicine ya 1995 ndiyo ninayoirudia. Ndani yake wameacha kuogopa kukosea, kuna kelele za chumbani, kuna ukimya. Na The Argument, ya 2001, ni ya watu wazima: sauti zinaitikiana, ngoma zinapumua. Bendi chache hufikia kilele kwenye albamu ya mwisho.

Maana ilikuwa ya mwisho. Watoto walikuwa wamezaliwa, wazazi walikuwa wanaugua, na bendi iliyozoea kusafiri wote wanne kwa masharti yaleyale haikutaka kusafiri nusunusu. Onyesho la mwisho lilikuwa London, tarehe 4 Novemba 2002. Hawakutangaza kufa. Walisema wamepumzika, na hawajauza ziara ya kurudi tangu hapo.

Baba aliisikiliza ile kaseti. Nilirudi likizo nikamkuta ameiweka juu ya redio, kando ya picha ya bendi yake. Hakupenda makelele, alisema wazi. Lakini alinirudisha kwenye wimbo wa kwanza wa upande wa pili, akainua kidole besi ilipoingia. "Huyu anajua kusubiri," akasema. Kwa mpiga rithim wa zamani hiyo ni sifa kubwa. Alifariki kabla sijamweleza sehemu iliyobaki, na ndiyo inayoniuma.

Tangu siku za mwanzo, mafundi mitambo wa Fugazi walichomeka kaseti kwenye mtambo wa sauti na kurekodi karibu kila usiku. Kaseti, baadaye kanda za dijitali, zilirundikana nyumbani kwa Dischord. Walipiga maonyesho zaidi ya elfu moja, na zaidi ya mia nane yana kanda. Desemba 2011 walianza kuyaweka kwenye intaneti, kila usiku peke yake, na ukumbi na tarehe yake. Bei waliyopendekeza: dola 5. Asiye nazo aliweza kulipa moja. Nimenunua kadhaa. Kwenye moja unasikia nyuzi zikikatika, watu wakicheka, MacKaye akimwomba kijana ampishe msichana aliyebanwa mbele. Hakuna kilichofutwa.

Baba alipiga usiku mara tatu, nne kwa wiki, kwa miaka kumi na tisa. Redio ilirekodi nyimbo kadhaa za bendi yake, na nashukuru. Lakini chemko za ukumbini, zile za saa saba za usiku, dakika kumi na tano bila kusimama, watu wakirusha noti jukwaani, hazipo. Sina hata dakika moja ya mkono wa baba yangu ukiwa umepata moto.

Nina karakana ndogo Mwananyamala, na ninazo mashine mbili za kaseti zinazofanya kazi sawasawa. Najua kwamba watu walikwenda kwenye kumbi zile na redio zao za mkononi wakarekodi. Nimewahi kuwaona, nikiwa mtoto, wameziweka mezani kando ya chupa. Ikiwa iko kanda kama hiyo nyumbani kwenu, kwenye sanduku la mjomba au kabati la marehemu babu, tafadhali usiitupe na usirekodi juu yake. Iweke mahali pakavu, mbali na spika na sumaku, uilete. Nitaihamisha bila malipo, na kanda itabaki kuwa yako.